Ngozi ya Mashine Iliyokufa Buyenzi

"Ngozi iko wapi?"

Hapo ndipo tulipomwacha Houda, wasomaji wangu: amesimama barazani kwa Madame Béatrice, mtaa wa Kiriri, na swali hilo limemkaa usoni kama kofi.

Mnakumbuka. Kompyuta kubwa ya depo ya dawa, ile mashine inayojua dawa gani iko wapi na hospitali gani inangoja nini, ilitolewa depo Kibenga ili makombora yasiikute. Ikapelekwa Buyenzi kwa Houda, fundi aliyepewa kazi yote ya kompyuta za depo. Ikafia mikononi mwake. Sasa Armel, mkurugenzi, ameshika simu, yuko tayari kuita polisi. Na Béatrice, mama mwenye mali, badala ya kutukana kama wenye mali wenzake, anauliza habari za ngozi.

"Ngozi gani, mama?" Houda aliuliza.

"Ya ng'ombe yangu."

Armel alicheka kwa pua. "Mama mkwe, pardon, hapa hatuongei ng'ombe. Tunaongea ordinateri, kompyuta. Kuna kontra, imesainiwa, iko na mihuri..."

"Nyamaza, Armel. Kontra ulisaini we. Mali ni yangu."

Armel akashusha simu. Mama yule alikuwa mfupi, mnene, na sauti yake haikupanda hata siku ya mazishi ya mumewe. Akamgeukia Houda.

"Sikia, mwana wanje. We ni mutoto wa mujini, labda hujui. Kwetu Mugamba, mutu akiwa na ng'ombe nyingi kuliko mikono yake, anaragiza. Anachukua ng'ombe moja, anampa jirani amuchungie. Jirani anakunywa maziwa, anapata mbolea ya shamba lake. Ndama ni za mwenyewe. Wote wanakula, na hakuna anayemunyonya mwenzake. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa ng'ombe inaweza kufa. Ugonjwa unakuja, vita inakuja, radi inapiga. Hakuna anayemufunga mutu sababu ya kifo. Lakini siku ng'ombe inakufa, mchungaji anabeba ngozi kichwani, anakuja nayo mpaka kwa mwenyewe. Mwenyewe anaitazama, anaijua, wanalia pamoja, yamekwisha. Akija mikono mitupu, je?"

Houda akatazama viganja vyake vitupu.

"Akija mikono mitupu," Béatrice alisema, "ameiuza. Mi nilikuragiza mashine yangu, Houda. Umekuja mikono mitupu."

Damu ilimpanda Houda mpaka masikioni. Si kwa aibu. Kwa hasira. Alikuwa ameitunza depo ile tangu vita ilipoanza kubisha hodi mjini. Alikuwa amevuka vizuizi vya askari kwenda Kibenga na begi la vyuma mgongoni. Leo anaitwa mwizi kwa sababu ya desturi ya milimani ambayo hakuna aliyemwambia!

Lakini kilichomkata maini hasa ni hiki: ngozi ilikuwepo. Tena alijua iko wapi. Ilikuwa imetapakaa Buyenzi nzima.

"Nitaileta," alisema.

"Utaleta nini?" Armel akadakia. "Si ulisema imeungua?"

"Nitaleta ngozi. Na pembe. Na kwato. Na mukia nikiukuta."

Béatrice akaelekeza kidole langoni. "Leo. Kabla barabara hazijafungwa. Ukileta, tutaongea. Usipoleta, kontra imekufa, na jina lako nitalitangaza mi mwenyewe, ofisi kwa ofisi, mpaka uwe fundi wa kuwasha taa za nyumbani kwako tu."

Naye angefanya. Kwa fundi wa Buyenzi, tena mwanamke, jina ndilo duka. Kuta unaweza kukodi pengine, vyuma unaweza kununua pengine. Jina likichafuka, umefunga.

Houda alishuka ngazi za baraza bila kuaga.

Langoni alikuta Christa anamngoja. Christa ni binti wa Béatrice, mke wa Armel. Walikaa dawati moja na Houda shuleni, na ni yeye aliyemleta Houda kwenye kazi hii: "Mama, kuna rafiki yangu Buyenzi, mikono yake ni dhahabu." Ni yeye pia aliyeibeba mashine ile kwenye gari lake siku ya makombora, akamkabidhi Houda ikiwa ndani ya katoni.

"Houda, ngoja." Alimshika mkono. "Acha kushindana na mama. Rudi, piga magoti, sema uliiuza sababu ya shida. Vita imetubana wote. Atakukasirikia kidogo, halafu atapoa."

"Niseme niliiba kitu sikuiba?"

"Useme tu, yaishe."

"Yaishe kwa nani, Christa?" Houda aliuchomoa mkono wake. "Mi nikisema hivyo, mama yako atapoa. Na mi? Nitaitwa mwizi mpaka kaburini?"

Akashuka mlima kwa miguu, hasira ikimsukuma mgongoni kama upepo.

* * *

"Ilyasi! Mashine ya Madame iko wapi?"

Ilyasi, kaka yake, alikuwa chini ya Peugeot, miguu tu inaonekana. Garaji ya Ilyasi na atelye ya Houda, karakana yake ya kompyuta, ni ukuta mmoja.

"Ile maiti?" miguu ikajibu. "Tulishaizika vizuri."

"Toka hapo chini nikuone uso!"

Ilyasi akatoka, mafuta mpaka kwenye nyusi. Alipoona macho ya dada yake, kicheko kikamkauka.

Wasomaji, msimhukumu Ilyasi haraka. Buyenzi ina sheria yake. Gari likifa asubuhi, kufika jioni mlango wake uko kwenye gari jingine, betri yake inawasha redio ya mtu, na kiti chake anakalia mshona viatu. Si wizi. Ni heshima kwa kitu kilichokufa: kisioze bure wakati wazima wanahitaji. Houda alipotangaza kwamba mashine haifufuki tena, Ilyasi alifanya kile ambacho baba yake angefanya, na babu yake. Aliigawa.

Mugamba wanaleta ngozi. Buyenzi wanaigawa. Na katikati ya desturi mbili hizo, mtu mmoja alikuwa anaitwa mwizi.

"Nani ana nini?" Houda aliuliza.

"Feni iko kwa Shaabani."

"Kinyozi?"

"Anasema wateja wanasinzia kwa utamu wa upepo."

"Kasha?"

"Kasha... Mama Lubna ameweka vifaranga."

"Na kifuniko?"

Ilyasi akajikuna kichwa. "Kifuniko, dada... Mama Lubna ni huyohuyo. Anasukumia chapati."

Houda hakujua acheke au alie. Akachukua gunia tupu la mchele. "Inuka. Tunaenda kukusanya maiti."

Kwa Shaabani walikuta mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu inangoja. Feni ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye fremu ya kioo, inazunguka kwa raha zake.

"Shaabani, nipe feni yangu."

"Yako? Ilyasi alinipa mbele ya mashahidi! Dada Houda, na joto hili unataka niue watu?"

"Kuna watu Kiriri wanasema nimeiba."

Shaabani akasimamisha wembe hewani. "Wanasema nani kaiba?"

"Mi."

"Houda binti Yahaya? Mutu aliyenirudishia redio yangu na betri mupya ndani?" Akaing'oa feni kwa mikono, waya na vyote. "Chukua. Chukua na kioo kama wanataka kujitazama nyuso zao!"

"Na kichwa changu?" mteja akalalamika.

"We subiri! Kuna haki ya mutu inatafutwa hapa, we unaongea nywele?"

Mama Lubna alikuwa mgumu zaidi. Alisimama mbele ya kasha lake, mikono kiunoni, vifaranga wakilia ndani.

"Ilyasi alisema mashine imekufa. Sasa imefufuka?"

"Apana, mama," Houda akajibu. "Mwenyewe anataka kuona maiti."

"Mi nimesukumia chapati kifuniko hicho, hakijawahi kunisaliti. Ile mbao ya zamani ilikuwa inatoa vibanzi." Akamtazama Houda kwa makini. "Wamekutukana?"

"Wamesema watanitangaza mwizi ofisi kwa ofisi."

Mama Lubna akaleta beseni. Aliinama, akawahamisha vifaranga mmoja mmoja kwenye beseni, akaliosha kasha kwa maji ya kisima. Kifuniko akakifuta unga kwa upindo wa kanga yake, akakikagua kwenye mwanga kama mtu anayekagua sahani ya mgeni.

"Safi," alisema. "Nendeni. Na ukirudi bila Houda, Ilyasi, usipite mtaa huu."

Hivyo ndivyo gunia lilivyojaa. Fundi redio akatoa kisanduku cha umeme. Mwalimu wa madrasa akatoa vibao vya kijani vya tumboni mwa mashine, alivyokuwa anawaonyesha wanafunzi. Diski, lile sanduku dogo la chuma ambamo kumbukumbu zote hukaa, ilikuwa kwa Houda mwenyewe, kwenye droo. Ilikuwa imeungua na kufa kabisa, lakini hakuwa na moyo wa kumpa mtu. Kila aliyetoa kipande aliongeza tusi moja kwa ajili ya Kiriri. Matusi hayo sitayaandika. Gazeti hili linasomwa na watoto.

Kizuizini, chini ya mlima wa Kiriri, askari alisimamisha Peugeot ya Ilyasi na kupiga gunia kwa kitako cha bunduki.

"Kuna nini humu?"

"Maiti," alisema Houda.

Askari akaruka nyuma.

"Ya ordinateri, afande. Tunaipeleka kwa mwenyewe ailie."

Askari alifungua gunia, akatazama, akalifunga. Alikuwa na sura ya mtu aliyeona mengi katika vita hii, lakini si hili. "Piteni," alisema. "Poleni na msiba."

* * *

Béatrice alikuwa ametandika mkeka juu ya meza ya baraza. Armel ameketi upande mmoja na kontra yake mbele yake. Christa alikuwa anapita na sinia la Fanta.

Houda hakusalimu. Akafungua gunia, akaanza kupanga. Kasha katikati, kama kifua. Feni. Kisanduku cha umeme. Vibao. Diski iliyoungua akaiweka ndani kabisa ya kasha, mahali pa moyo.

"Mashine yako hii, mama. Pembe mpaka kwato."

Kifaranga kimoja kilichojipenyeza guniani kikalia chini ya kibao. Ilyasi akakitoa haraka, akakitia mfukoni.

"Ilikufa na nini?" Béatrice aliuliza.

"Kombora liliangukia transfoma ya mtaa. Umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu ya wazimu. Nilikuwa nimeichomeka ukutani tu, ndio kwanza imetoka kwenye katoni, hata kuiamsha sijaiamsha. Ikatoa moshi. Tazama hapa, na hapa. Huu ndio weusi wa moto."

"Kwa nini hukuniambia siku ileile?"

"Simu zilikatika, barabara zikafungwa." Houda akavuta pumzi. "Na zilipofunguliwa, nilisema niifufue kwanza, ndio nije na habari nzuri. Hapo nilikosa. Ningekuja na habari mbaya mapema. Hilo nalibeba. Lakini wizi sitaubeba, mama, hata ukinifunga."

"Franchement!" Armel akapiga meza. "Vyuma vya jalalani hivi! Mi nilisema toka mwanzo, kazi ipewe watu wenye ofisi, si watu wa garaji. Ndiyo maana nilimpa kazi Astère, fundi wa mtaa wa Mutanga Nord. Anakuja leo hii na mashine yake, dawa zetu zote zimo ndani, stoku, hospitali, kila kitu! Ameirudisha depo kwa siku moja, wakati huyu anakusanya vifaranga!"

Houda aligeuka polepole.

"Zimo zote?"

"Zote."

"Amezitoa wapi?"

"Astère ni fundi mukubwa."

"Mungu ndiye anaumba kutoka kwenye hewa, Armel. Fundi anahitaji nakala. Mi nilikuomba nakala juma kwa juma, nikae nayo Buyenzi, mashine ikifa tusiwe vipofu. We ulisema nini? 'Siri za depo hazitoki nje.' Hukunipa. Sasa Astère alipata kwa nani?"

Armel alipekua kurasa za kontra yake, kama jibu limo humo. Na kwa mara ya kwanza Houda aliona kitu ambacho hakukitarajia: mtu yule mwenye kiburi alikuwa amechanganyikiwa kweli. Hakujua.

Wakati huo Béatrice alikuwa amenyanyua kifuniko. Akakigeuza kwenye mwanga. Akapitisha kiganja juu yake, taratibu, kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe. Akakipitisha tena.

Halafu akakiweka chini.

"Hii si ng'ombe yangu."

Houda akakivuta kifuniko kwake. "Mama?"

"Si yangu. Christa, marehemu baba yako alinunua mashine ngapi?"

Christa alikuwa ameshika sinia kwa mikono miwili. "Tatu, mama. Mapacha. Mbili ziliharibika, ziko stoo."

"Ego, ndiyo. Tatu, sura moja. Lakini ile ya baba yako, mi ninaijua. Umeme ulikatika yuko anafanya kazi, akaweka mshumaa juu yake, akasinzia. Mshumaa uliisha wote, moto ukala rangi ya kifuniko, ukaacha duara jeusi. Aliona aibu sana. Nikamufumia kitambaa kuficha doa. Kitambaa kile hakijawahi kuondoka pale."

Houda alikikumbuka kitambaa hicho. Cheupe, chenye maua pembeni. Alifanya kazi mbele ya mashine ile muda wote huo, akachomeka nyaya kwa nyuma, akafungua ubavu wake, na hakuwahi hata siku moja kukifunua. Nani anafunua kitambaa cha mama wa watu? Heshima ndiyo iliyomponza. Na mashine ilipomfikia kwenye katoni bila kitambaa, alidhani kimebaki Kibenga.

"Basi niliyoizika si yako," alisema polepole. "Niliragizwa ng'ombe iliyokwisha kufa."

Hapo honi ikalia langoni.

"Ni Astère," alisema Armel.

"Mama, umechoka," Christa akasema haraka. "Mwambieni arudi kesho. Haya mambo ni mengi kwa siku moja."

"Aingie!" Armel akapaza sauti. "Aingie, aonyeshe kazi yake, tumalize!"

Astère aliingia na suti ya kijivu na harufu ya manukato ya kujaza nyumba. Kijana wa kubeba hakuwa naye; mashine aliikumbatia mwenyewe, imefungwa kwa shuka jipya, kama bwana harusi aliyebeba zawadi. Akaiweka kwenye meza pembeni ya mifupa ya Buyenzi. Akaitazama mifupa ile, akajifuta mikono.

"Madame Béatrice, heshima yangu. Nani ameleta takataka hizi?"

"Mi," alisema Houda. "Karibu msibani."

Béatrice alinyoosha mkono kuondoa shuka. Houda akauzuia.

Eh, wasomaji! Alimshika mama yule mkono, nyumbani kwake, mbele ya mkwewe! Ilyasi alifumba macho.

"Ngoja, mama. Kabla hujafunua, mi niko na neno. Asubuhi ulinihukumu kwa sheria ambayo hukuwahi kuniambia. Armel naye ananihukumu kwa kontra ambayo hakuna mahali inasema mashine ikifa tufanye nini. Nimechoka kuhukumiwa na vitu nisivyovijua. Kama mashine hii mi ndiye niliyeiiba, ita polisi. Kama ni yako na si mi niliyeiba, basi kontra ile ichanwe hapa hapa, tuandike nyingine. Tuongee kama watu."

"Unasemaje, we binti?" Armel akasimama.

"Mwache," alisema Béatrice. Macho yake hayakutoka kwa Houda. "Unataka nini kwenye hiyo nyingine?"

"Nataka nakala ikae kwangu. Nataka uje mwenyewe Buyenzi uitazame mali yako, si kumtuma mutu na katoni. Na mi, kitu kikifa, utajua siku ileile, hata kama ni kwa kupita kwenye risasi. Ngozi utaletewa. Lakini na we, mama, siku una shaka na mi, uniulize mi kwanza, kabla ya kuuliza polisi."

Béatrice akaurudisha mkono wake. Halafu akafanya jambo ambalo Armel hakuwahi kuliona tangu aoe katika nyumba ile. Alicheka.

"Kwetu, mchungaji anayeongea namna hii anapewa ng'ombe ya pili. Haya. Mbele ya wote hawa, nimekubali. Toa mukono."

Houda akautoa mkono wake.

Béatrice akavuta shuka.

Pale juu ya kifuniko palikuwa peusi. Duara la mshumaa, limekula rangi mpaka kwenye chuma.

Béatrice aliweka kidole ndani ya duara lile, akakizungusha mara moja, na midomo yake ikasema jina la mumewe bila sauti.

"Astère," alisema. "Ng'ombe yangu umeitoa wapi?"

Manukato hayakumsaidia tena Astère. Jasho lilimtoka. "Madame, naapa. Mi sikuiba. Niliambiwa depo imenipa kazi, niliambiwa hii ndiyo mashine ya kuanzia. Niliambiwa nisiseme mpaka siku ya leo. Ililetwa mpaka mulangoni kwangu, kwa gari la nyumba hii!"

Macho yote yakamgeukia Armel.

"Mi?" Armel alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. "Mi? Mama mkwe, nilidhani ni ujuzi wake! Walahi, nilidhani..."

"Si yeye," alisema Astère kwa sauti ndogo.

Na macho yake yakaenda kwenye sinia la Fanta.

Chupa zilikuwa zinagongana. Christa aliliweka sinia mezani, polepole, asimwage hata tone. Alipoinua uso, haukuwa uso wa mtu anayeomba msamaha.

"Mi ndiye," alisema. "Nilitoa ya baba, nikaweka pacha yake kwenye katoni. Depo ilijengwa na baba yangu. Alipokufa, mama, ufunguo ulimpa mume wangu. Mi ukanipa sinia. Nilitaka siku moja depo isimame bila Armel, na nimulete fundi anayenisikiliza mi. Kama ni wizi, semeni. Lakini mutu haibi ng'ombe ya baba yake."

Béatrice aliketi, mkono juu ya meza.

Houda hakuketi. Alimkumbuka Christa langoni, mkono wake laini, sauti yake ya huruma: sema uliiuza, yaishe. Akapita pembeni ya meza, akasimama mbele ya rafiki yake wa dawati moja, karibu kabisa.

"Mashine ilikuwa ya baba yako. Sawa. Depo ilikuwa ya baba yako. Sawa. Na jina langu, Christa? Nalo lilikuwa la baba yako?"

Christa alifungua mdomo kujibu.

Aliyejibu ni Armel. Naye hakujibu kwa maneno. Alivua kamba aliyovaa shingoni, ile yenye ufunguo wa depo ambao tangu mazishi hakuna mwingine aliyewahi kuushika. Akaitazama kontra yake, akaitazama mashine yenye duara, akaitazama mifupa iliyokusanywa Buyenzi. Halafu akauweka ufunguo katikati ya meza.

"Nimekuwa kipofu kwenye depo yangu mwenyewe," alisema. "Anayeiona, aushike ufunguo."

Mikono mitatu ya wanawake ilikuwa juu ya meza ile. Wa mama, wa binti, na wa fundi.

Mmoja ukasogea kwenye ufunguo; wa nani, wasomaji wangu, mtajua toleo lijalo.